Inchi Mbili za Kushoto

Wakili Nyaboke aliileta imeviringwa shuka la kitanda.
Kata ienee hapa, akasema,
akaigonga kwa ufunguo fremu ya dhahabu ya bei nafuu
iliyoning'inia dukani kwangu, Ngara.
Inchi mbili tu za kushoto. Nani ataona?

Nikaipangusa kwa pamba na mate.
Ng'ombe saba. Mbuzi. Mto wa rangi ya chai ya maziwa,
mwanamke kapandisha sketi, miguu majini,
mchungaji chali chini ya mti nisioujua jina,
kofia usoni.
Nchi ya watu. Nyasi hadi magotini.

Kwetu mvua ilikuwa imetukataa tangu Machi.
Ng'ombe wa Kajiado walilala kwenye mzunguko wa Pangani
wakila maua ya kaunti,
na Ole Nampaso akaingia kuomba maji,
si yake, ya fahali aliyeanguka mtaroni.
Nikampa ndoo. Alipoirudisha
hakutoka. Akasimama mezani.

"Huyu mwekundu atazaa kabla ya Ijumaa.
Mbuzi yule ana kidonda ukwatoni, ona anavyouinua.
Na bwana huyu amelala! Mwamshe."
Akaguna. "Nyasi zote hizi ni za nani?"

Sikuwa na jibu. Kidole chake
kikapita hewani bila kugusa rangi
hadi pale nilipopiga mstari wa penseli.
"Na huyu mnamtenga na mama yake kwa nini?"

Nikainama. Mimi nilidhani ni jiwe.
Ndama, kichaka kimemmeza nusu,
sikio moja tu limepata jua.

Nje filimbi ikalia, askari wa kaunti na virungu vyao.
Akatoka mbio, hata kwaheri hakuna.
Niliisikia njuga moja ikiteremka kuelekea mtoni,
kisha pikipiki zikaifunika.

Sikukata.
Nilinunua mkangazi Gikomba kwa pesa za kodi ya nyumba,
nikawa na randa hadi saa nne usiku.
Wakili alilipa bei ya kwanza, shilingi hakuongeza,
akalalamika kwamba haienei tena kati ya madirisha.

Kweli haienei. Wameitundika kwenye ujia, karibu na choo.
Juzi nilipita kudai salio la kioo,
nikasimama nikahesabu: saba, na mmoja.
Ijumaa ngapi zimepita. Mwekundu hajazaa,
na yule bwana bado kalala.