Kina

Zabrze, Februari. Theluji ya hapa haimalizi siku mbili ikiwa nyeupe,
masizi huiwahi kabla watoto hawajaikanyaga.
Nimepanda ghorofa ya nne, mkoba begani,
na karatasi yangu yenye maswali tisa.

"Bwana Alojzy, toka sifuri hadi kumi,
maumivu leo ni ngapi?"
"Mbili."
Jana mbili. Jumatatu mbili.
Hata Alhamisi ile aliyotapika hadi nyongo,
mbili.
Nami naandika mbili, kwa mwandiko mzuri,
na daktari kule kliniki anasoma mbili,
na dozi inabaki palepale.

Gertruda mkewe yuko jikoni, anamenya viazi.
Hasemi neno. Ila maganda yake ni manene,
ya mtu ambaye hajalala.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Lakini huyu maradhi hayafichi:
huitaja saratani yake ya kongosho
kama anayemsema jirani mkorofi.
Anachoficha ni saa tisa usiku.

Nilikwisha kufunga mkoba. Nikaiona ukutani
taa yake ya mgodini, imefutwa vumbi,
taa pekee nyumbani humo isiyowashwa.
Nikaikunja karatasi.
"Mgodi wenu ulikuwa na ngazi ngapi?"

Akainua kichwa.
"Mita mia mbili na hamsini: hapo bado unanusa mvua.
Mia nne: maji yanalia ukutani.
Mia sita na nusu, unavua shati.
Mia nane na arobaini..."
Akapangusa mdomo.
"Huko hatukusemezana. Unahesabu pumzi,
unangoja lifti."

"Sasa hivi uko ngazi ipi?"
"Mia nne."
"Na usiku?"

Jikoni kisu kikasimama.
Akaitazama mikono yake, yale makovu ya buluu
ambayo makaa huyaacha chini ya ngozi.
"Usiku niko chini kabisa.
Na lifti haiji."

"Anang'ata mto," Gertruda akasema mlangoni.
"Anadhani sisikii."

Nilipiga simu papo hapo, koridoni,
buti mguu mmoja.
Sikusema mbili. Nilisema:
mia nane na arobaini, toka saa nane hadi alfajiri.
Daktari Wieczorek alinyamaza, kisha akauliza
swali ambalo hata mimi sikuwa nimeliuliza:
"Na choo?"
Siku ya sita.
Morfini ikapanda, ya dharura ikakaa kando ya miwani,
na dawa ya tumbo juu yake.

Hatapona. Hilo tulilimaliza tangu vuli.
Jumamosi nilibisha, nikafunguliwa na yeye mwenyewe,
ameshika ukuta.
"Mia mbili na hamsini," akanong'ona, "polepole,"
akanionyesha Gertruda, amelala kitini,
viazi havijamenywa.

Ghorofa ya pili kuna fundi cherehani, Bi Klementyna.
Naye kila siku huniambia tatu.
Leo nitaanza na uzi.