Rangi ya Wiki Moja

Muireann alikuja Jumanne, mvua ikimfuata hadi mlangoni,
na kadi ya vipindi kumi vya kitanda cha taa mkononi:
vitatu keshavitoboa, saba vimebaki,
na harusi siku kumi na nane.
“Dervla,” akasema, “gauni ni jeupe, nami ni mweupe kulishinda.
Kwenye picha watadhani limejivaa lenyewe.”

Nikacheka. Kisha nikaichukua ile kadi
nikaitumbukiza kwenye jiko la mboji.
Akanikodolea macho. Euro arobaini hizo!
Nikamwambia nitamlipa kwa rangi.

Sikumwambia mara moja yaliyobaki:
kwamba vitanda vile nilikuwa navyo mwenyewe,
viwili, nyuma ya kituo cha petroli, barabara ya Sligo,
nikivipangusa, nikibonyeza swichi,
nikipima dakika kwa saa ya kuchemshia mayai.
Na nani alilala kitanda cha kushoto kila Ijumaa,
baridi nzima ya mwaka ule aliochumbiwa?
Mamake. Attracta.
Aling’ara kama shaba. Sote tulimwonea gere.
Miaka thelathini baadaye doa likageuka umbo mgongoni,
daktari kule Galway akalichimba, akachimba na pembeni,
akaacha shimo linaloenea kijiko cha chai.

Taa hukopesha bila kuuliza jina,
na hudai wakati umesahau kama ulikopa.

Basi njoo, mwanangu, leo tunajaribu.
Leo, si mkesha wa harusi,
ili kama utageuka karoti, ugeuke mapema.
Ingia bafuni ujisinge kwa chumvi na mafuta,
uyaoshe yote, magoti na viwiko hasa,
maana huko ndiko rangi hulewa.
Kunyoa ni jana yake. Manukato, hapana.

Nikasimamisha hema langu jikoni, kati ya friji na mbwa,
Muireann ndani yake na chupi ya karatasi,
mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.
“Ziba pumzi,” nikamwambia, nikamnyunyizia ukungu baridi
wenye harufu ya biskuti zilizoungua kidogo.
“Hii hupaka ngozi iliyokwisha kufa,
ile ya juu, inayokwenda zake hata hivyo.
Iliyo hai haina habari.”
“Na jua likitoka?”
“Haizuii kitu. Mafuta ya kinga upake vilevile.”
Likitoka. Hapa Tubbercurry.
Hata mbwa alipiga chafya.

Alilala kwenye shuka nyeusi za kaka yake.
Alfajiri akapiga simu: kifundo kimoja kina michirizi
kama kioo cha basi, viganja njano tupu.
Ndiyo maana ya kujaribu, nikasema.
Mara ya pili nilipunguza nusu, nikampaka viganja krimu kwanza.

Attracta alikuwa amekaa pale pale, akimenya viazi.
Nikamwuliza: nawe, mama wa bi harusi, nikunyunyizie kidogo?
Nililiuliza sakafu, si yeye.
Akaweka kisu chini. “Mimi niache hivi ulivyoniacha.”
Alisema bila hasira,
na hapo ndipo paliponiuma.

Kanisani alivaa kijani, mgongo wazi,
mweupe kama maziwa yasiyochujwa,
na lile shimo mahali pake, likimwangalia kila aliyekaa nyuma.
Nilikuwa nimekaa nyuma.
Muireann kando yake, hudhurungi hafifu,
chai yenye maziwa mengi,
rangi ambayo Jumamosi ya pili
itakuwa imeteremka na maji ya bafu.
Nje mvua haikuwa na adabu. Mpiga picha akapaza sauti: sogeeni!
Muireann akamkumbatia mamake kiunoni kwa mkono uliolowa,
na ulipotoka, vidole vinne vilibaki juu ya kijani,
hudhurungi, kama vya mtoto aliyechezea tope.
Attracta akaviona.
Nikatoa kitambaa mkobani, nikanyanyuka.
Akanitikisia kichwa: kaa.