Elimu ya Viungo

Barua ilipofika mama aliisoma mpaka mstari wa tatu
akacheka, ushungi ukamteleza.
“Shahada ya elimu ya viungo? Miaka minne, na deni juu?
Mwanasiti, si nimekufunza bure hapa Marikiti:
huu mdalasini, hii iliki, ile bizari.”
Nikacheka naye.
Kisha usiku sikucheka.

Karatasi ya kufungia pilipili manga
niliigeuza upande mweupe, nikaandika.

Mkopo wa Bodi: laki mbili na themanini elfu.
Riba haina goti wala pumzi,
nikilala, yenyewe iko mbioni.
Mshahara wa mwalimu wa mkataba: elfu ishirini.
Toa makato.
Toa chumba Mishomoroni, na mitungi ya maji.
Toa nauli, kwenda na kurudi.
Toa viatu, maana mwalimu wa mbio hafundishi na champali.
Kilichobaki nilikiandika kwa tarakimu ndogo,
kama mtu anong’onaye mlangoni kwa mgonjwa.

Kaka Mbwana, wa bandarini, alichungulia begani pangu.
“Soma mambo ya kontena,” akasema.
“Kontena halivunjiki mguu.”

Jumatatu nikamwendea mwalimu Kadzo,
aliyenifunza kuruka viunzi.
Nilimkuta Tononoka, filimbi shingoni,
akipanga mikebe ya rangi kuwa alama za uwanja.
“Mwalimu, deni lako limebaki ngapi?”
Swali halina adabu. Alilijibu kama aliyeulizwa saa.
“Mwaka wa tisa huu. Limebaki kama hiki,”
akanionyesha kidole gumba, akakikunja.
“Shule yanilipa unga. Mtihani ukikaribia
kipindi changu ndicho cha kwanza kuibwa na hisabati.
Jumamosi nafundisha watoto wa Nyali kuogelea.
Bodi hulipwa na bwawa.”

“Umejuta?”

Akapuliza filimbi.
Watoto thelathini na saba wakasimama.
Mmoja, Athumani, wa mguu uliopinda,
hakusimama. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukimbia.
“Mwaka jana huyo alikuja kwa mgongo wa nduguye,”
mwalimu alisema, akarudi kwenye mikebe yake.
Sijui kama lile lilikuwa jibu.
Najua halilipi kodi ya nyumba.
Najua pia nilisimama pale mpaka mtoto akafika.

Asubuhi mama alifungua meza.
Kabla ya kupima chochote huweka mkebe mtupu juu ya mizani,
akaurudisha mshale kwenye sufuri.
“Chombo kina uzito wake. Usipokitoa
utamwibia mteja, au utajiibia mwenyewe.”
Hunambia hivyo tangu sijafika urefu wa meza.
Leo aliichukua karatasi yangu, akaisogeza mbali na macho,
akaisoma polepole hadi chini.

“Umetoa nauli. Umetoa chumba, umetoa viatu.
Mbona hukutoa goti?”

Sikuelewa.

“Mwalimu wa mbio hulipwa mpaka goti liseme.
Deni litamaliza kwanza, au goti?
Hiyo ndiyo hesabu. Hizi nyingine ni kuongeza na kutoa.”
Akainuka, mkono kwenye ukingo wa meza,
na kile kiungo kikalia: ka!
“Langu mimi nililiuza hapa, miaka ishirini na sita,
nimesimama kwenye saruji, robo kwa robo.
Na sina cheti cha kuning’iniza ukutani.”

Hakusema nenda. Hakusema usiende.
Mteja akaja, ataka pilipili manga, robo.
Mama akaurudisha mshale kwenye sufuri,
akapima, akaongeza punje tatu za hisani,
akazifungia katika karatasi iliyokuwa mkononi mwake.

Sijui kama alisahau.
Hesabu yangu iliondoka ikielekea Makadara
ndani ya kikapu cha mtu nisiyemjua, inanukia.
Nimebaki na barua.
Mwisho wa kujibu ni Ijumaa,
na tangu juzi goti langu la kushoto
nalisikiliza kila nipandapo ngazi.