Mizani

Duka hili Uhindini, lilikodiwa na babu,
mizani hii mezani, ilikuja na vitabu,
wachimbaji wa Lupani, walipimiwa dhahabu,
ikitulia sahani, hapo huisha hesabu.

Dhahabu ilipokoma, ikapimia pareto,
wakashuka kina mama, na mchele, na watoto,
ulimi ukasimama,

hapa mstari umekatika. Nimehesabu silabi, najua.
Niuache hivyo.

Juzi nilipoisugua kwa ndimu na majivu
ili Ipyana aipige picha, aitafutie mteja kwenye simu,
nilikuta chini ya sahani ya kushoto
donge la nta, kuukuu, jeusi kama kinyesi cha panya,
na ndani yake senti kumi ya enzi za Mwingereza,
ile yenye tundu.

Babu Ambakisye, mzee wa kanisa!
Nikacheka peke yangu
hadi jirani, muuza vioo vya simu, akachungulia.

Kumbe ndiyo maana kina mama hawakurudi.
Mabinti zao siku hizi hawashuki mjini kubembeleza mtu.
Wako Igurusi, kwenye mashine ya kukoboa,
bei ya Tunduma inawafikia kabla ya chai,
lori la Mzambia linageuzia uani kwao.
Mizani yao ni ya betri, namba nyekundu.
Na Tumpe Mwasomola,
ambaye mama yake bado yumo daftarini,
sukari nusu, mafuta ya taa chupa moja,
hajalipa,
ndiye aliyelinunua jengo hili.
Ghorofa nne, anasema. Mbele kioo kitupu.
Kanipa miezi mitatu, kwa sauti ya upole.
Ile sukari sikumdai.

Mizani ilichukuliwa na hoteli moja kule Forest.
Jumamosi, kikao cha harusi, nikaikuta mapokezi:
pipi za mnanaa sahani hii, maua ya plastiki ile,
imelalia kushoto,
tabia yake ileile, na nta niliibandua mwenyewe.

Nikafungua pochi.
Nikaitoa senti ya babu, nikaiweka kulia.
Ulimi ukatetemeka, ukasogea kidogo.

"Mama," akasema binti wa mapokezi,
"hilo ni pambo tu, halipimi."

Ngoja, nikamwambia.