Chaki za Januari

Ukungu wa Rungwe uliingia ofisini bila hodi.
Tuliketi na makoti, matope ya likizo viatuni.
Mwalimu Mkuu Subilaga hakufungua faili;
alifungua khanga: maboksi manne ya chaki.
"Mwezi mzima yamelala uchagani kwangu, juu ya moto,
yasilowe. Yananuka moshi, mnisamehe."

Matokeo hakuyataja. Tunayajua.
Wala bati la Mwalimu Ambakisye linalovuja:
Jumamosi alishapanda mwenyewe, misumari mdomoni.

"La kwanza wako tisini na wanne," alisema.
"Tusajigwe, utawapokea wewe.
Yule Gwamaka, aliyekuwa akiukalia mkono wake wa kushoto,
Novemba kaandika jina lake lote kwa mkaa,
kwa mkono huohuo.
Ukutani mwa choo, ndiyo.
Nilikwenda niufute.
Nikasoma.
Nikarudi na maji yangu, ndoo imejaa."

Tukacheka, kicheko kikatupasha moto.
Nje, rimu ya lori kwenye mkaratusi
ikagongwa mara tatu.
Kila mmoja akachukua chaki zake,
zikiwa bado na uvuguvugu,
au ni viganja vyetu.