Kurasa za Nyuma

Daftari ni lile lile.
Mbele, madeni ya dagaa: Mama Sayi, sado mbili;
Kwilasa wa Igoma, gunia zima, atalipa Jumamosi
(Jumamosi ipi, hakusema).
Nyuma nimeligeuza kichwa chini
nikaanza deni jingine:
kabla ya chai, tano nukta nane.
Baada ya ugali, tisa kasoro kidogo.
Muuguzi Ng'washi akagonga kalamu mezani:
"Kasoro kidogo si namba, Milembe.
Dagaa unapima, sukari unakisia?"

Basi nachoma kidole.
Kidole hiki kimekomaa kwa chumvi na magamba ya Mwaloni,
hakitoi damu hivi hivi. Nakikamua
kama chuchu ya mbuzi mchoyo
mpaka tone litokee, kijiti kilinywe.
Kisha kile kimya cha sekunde tano.
Hakuna mdai aliyewahi kunitisha hivyo.

"Si kosa lako," anasema Ng'washi.
"Si zile soda za harusi ya wifi yako.
Kondo la nyuma, hilo hilo linalomlisha mtoto,
ndilo linalobishana na insulini yako mlangoni."
Soda nimeziacha hata hivyo.
Wiki mbili za dona kiasi cha ngumi, mlenda tele,
na asubuhi bado inakaidi.
Nikapewa sindano.

Sitta anapakia barafu kiwanda cha samaki.
Jioni ile alipanda Mabatini na bonge zima begani,
shati limemganda mgongoni,
ili dawa yangu ilale baridi.
Nikamwambia: ikiganda, imekufa.
Akasimama mlangoni anachuruzika.
Tukatafuta mtungi ndani ya mtungi,
katikati mchanga mbichi, juu kitambaa cha maji,
na barafu tukawagawia watoto wa jirani.
Walisema ina ladha ya sangara.

Mwezi wa saba wa mimba, mama mkwe akashuka kutoka Kwimba
na nusu gunia la michembe.
Akaitazama sahani yangu:
nusu sato, majani mlima, ugali wa kumpa kifaranga.
"Mjukuu wangu amefungishwa tumboni?
Mwenye mimba hula kwa wawili."
Sikubishana. Nilichukua michembe mitatu,
nikaitafuna na karanga, polepole,
utamu wa jua la kwao ukanikaa kwenye meno,
halafu nikavaa kandambili.

Baada ya kula, napanda.
Ngazi za mawe, dakika ishirini,
nyumba zimeng'ang'ania majabali,
na ziwa linajitokeza vipande vipande kati ya mabati,
kama mtu anayekuhesabia chenji.
Mtoto hulala nikitembea.
Nikisimama, anapiga teke: endelea.

Mayu alinifuata siku ya tatu.
Kwenye ngazi ya kumi akaketi, akaomba maji,
akamaliza chupa yangu, akaomba tena.
Usiku nilimsikia akitoka nje mara nne,
akipapasa ukuta.
Alfajiri akanyoosha mkono, uso kaupeleka pembeni:
"Hebu nichome na mimi hicho kidude chako."

Kumi na sita nukta moja.
Akaisoma, akatabasamu.
"Namba kubwa. Nimekushinda."

Nilitafuta maneno, nikapata kidole chake tu,
nikakishika na pamba yake
hata damu ilipokwisha kukauka.
"Mayu," nikasema, "huu si mzani wa pamba."
Akanyamaza. Kisha akaufunga mdomo wa gunia
kwa kamba, mafundo mawili.

Sasa ukurasa una mistari miwili.
Kwa Ng'washi tulienda pamoja, yeye mbele,
akilalamika kwamba viti ni vyembamba.
Kadi yake ni ya bluu. Vidonge vyake vinanuka, anasema,
lakini anameza. Ngazi ya kumi tumeipita;
tunapumzika ya ishirini na nane,
kwenye jiwe ambalo sasa analiita lake.

Leo asubuhi: mimi, nne nukta tisa.
Mayu, tisa kamili.
Mbele, Mama Sayi kalipa sado moja.
Kurasa za madeni na kurasa za damu
zinakaribiana katikati ya daftari.
Zimebaki karatasi sita,
na wiki sita.