Unga Kwenye Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mashine ya kurudufu iliharibika Januari,
theluji imefika kwenye vitasa vya milango,
na fundi akasema kwa simu hapandi huku Mestia
mpaka barabara ifunguliwe.
Nikabaki mikono mitupu, mimi Eteri,
mwalimu wa darasa la nne,
bila zile karatasi zangu za maswali kumi:
Taja wahusika. Eleza funzo. Alama ishirini.

Miaka kumi na tisa nimewapa watoto kitabu
kwa mkono mmoja, karatasi kwa mkono wa pili,
kama mwenyeji anayekukaribisha mezani
huku akikupimia kila tonge kwa mizani.
Wakala. Wakavimbiwa bila kuonja.
Tornike, mtoto wa mwokaji mikate,
alikuwa akisoma ukurasa wa mwisho tu,
anaandika "Funzo: tuwe na bidii,"
anapata kumi na nne, anageukia dirisha.
Funzo hilohilo kwa kila kitabu,
hata kile cha vyura.

Basi siku ile sikuwa na la kufanya ila kusoma.
Nikavuta kiti karibu na jiko la kuni,
nikafungua hadithi ya mbwa aliyesahauliwa ng'ambo ya mto,
nikaanza kwa sauti yangu ya siku za ukaguzi,
kisha, sijui ilikuwaje, ikatoka sauti nyingine,
ile niliyokuwa nayo nikiwa na miaka tisa
chini ya blanketi, na tochi niliyomwibia kaka.
Mbwa akakanyaga mto ulioganda.
Barafu ikapasuka ka!
Kengele ikalia.

Hakuna aliyeinuka.
Keso akauliza kama kengele hiyo ni ya kwetu kweli.
Nikakifunga kitabu, nikakiacha mezani makusudi,
nikaenda kutafuta koti
ambalo nilikuwa nimelivaa.

Niliporudi, meza tupu.

Usiku nikaenda kununua mkate,
nikamwona kupitia kioo chenye mvuke:
Tornike juu ya gunia la unga, miguu yaning'inia,
kidole kikitambaa mstari kwa mstari,
midomo ikivunja kila neno kama njugu ngumu,
na baba yake, Murman, nusu mwili ndani ya tanuri,
anabandika kinyunya ukutani, anapaza sauti,
"Ngoja, ngoja, usiendelee,
nitoe huu kwanza, nisipitwe!"
Mikate miwili iliungua.
Hakuna aliyeijali.

Sikuingia. Nilirudi bila mkate,
tukala viazi, mume wangu akanuna.

Enyi mnaoniuliza mwana wenu amefika kiwango gani:
mwacheni asome cha vyura mara sita.
Mwacheni aruke sura inayomchosha,
ninyi je, hamruki?
Msomeeni hata mkiwa hoi, hata mkisoma vibaya,
mkosee, awacheke, awasahihishe.
Kitabu kikae jikoni, kipate madoa ya mchuzi.
Lile kabati letu la shule, lenye kufuli na vioo safi,
ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwangu
miaka yote hiyo. Nasema nikijua.

Fundi alikuja Machi. Mashine imepona,
yanguruma kama paka aliyeshiba.
Sijaipelekea kitu.

Na kitabu kilirudi Jumatatu, kimefura,
ukurasa wa arobaini na moja una alama ya kidole cha unga,
kidole kikubwa, si cha mtoto.
Swali likanipanda hadi ncha ya ulimi,
umejifunza nini?
nikalimeza, likashuka kwa taabu
kama mwiba wa samaki.
Tornike alisimama akingoja adhabu, au karatasi.
Havikuja.
Akatazama viatu vyake, akasema polepole,
kama mtu anayekopa chumvi kwa jirani,
"Kipo kingine?"
Kisha upesi, masikio yamemwiva:
"Si mimi. Baba ndiye anayeuliza."